Mwisho Aliouhadithia Mwanasiti

Mwanasiti binti Badawi alikuwa mshona kofia, na mtaa mzima wa Shela, pale Malindi, haukuwa na mkono mwepesi kama wake. Wazee wake walihamia kutoka Lamu. Mume alikwisha kumwacha, watoto hakujaaliwa, na siku zake zilikuwa sindano, uzi na sala. Uzi huo aliununua kwa Anjana, mjane wa Kihindi mwenye duka karibu na soko.

Mwaka mmoja katikati ya miaka ya themanini, kaka yake Anjana aliyeishi Uingereza alimletea kompyuta ndogo ya kuunganisha na televisheni, pamoja na kaseti ya mchezo. Katika mchezo huo msafiri aliyebeba taa alimtafuta ndugu yake aliyefungwa ngomeni. Anjana aliuweka chumba cha nyuma ili kuvuta wateja. Wengi walijaribu, na msafiri akawafia mikononi kabla ya kuvuka lango la kwanza. Mwanasiti aliwatazama kwa muda, kisha akaweka uzi wake chini.

"Hebu nami nijaribu, dada Anjana."

Vidole vilivyozoea kushona vitundu vya kofia havikubabaika. Alivuka lango siku ile ile. Majirani walianza kumteta, mwanamke mzima na michezo ya watoto. Yeye aliwajibu kwa upole, "Mimi sichezi. Kuna mtu namsindikiza."

Kaseti ya pili ya safari ile ilikuja, kisha ya tatu, ambayo ndiyo ya mwisho. Kila Jumapili baada ya adhuhuri chumba kilijaa watu. Katana, kibarua wa chumvi huko Marereni, hakukosa hata mara moja. Miguu yake ilikuwa imepasuka kwa chumvi, lakini njia za ngome alizijua zote.

"Kushoto, bi Mwanasiti. Kulia kuna shimo."

Hatimaye msafiri akafika gerezani. Mlango ukafunguka, na watu wakasimama. Kioo kikawa cheusi. Yakatokea maneno machache ya pongezi, halafu msafiri yule akaonekana tena kwenye lango la kwanza, na taa yake mkononi, kana kwamba hajaenda popote.

Walingoja. Hapakutokea kitu.

"Wangetuonyesha sura yake tu," alisema Katana. "Sura yake tu ingetosha."

Mwingine alidai kaseti ni mbovu, mwingine akasema waliotengeneza mchezo walichoka kabla yao. Anjana akawaomba radhi kama aliyepika chakula kikaungua. Mwanasiti alikwenda zake, na juma lile hakushona kofia. Kila akishika sindano alimwona mtu yule amesimama gizani, nyuma ya mlango ulio wazi, hana wa kumwita.

Jumapili iliyofuata wote walikuja, ingawa hakuna aliyewasha televisheni. Mwanasiti akaketi mahali pake.

"Mlango ulifunguka," akasema. "Hilo tuliliona sote. Basi sikilizeni kilichokuwa ndani."

Akawasimulia jinsi ndugu yule alivyofumba macho, maana taa ilimuumiza, na jinsi alivyokataa kutoka kwa kudhani anadanganywa. Msafiri akaizima taa. Akakaa naye sakafuni, akamtajia majina ya watoto waliozaliwa nyumbani.

"Asimtoe mbio," Katana aliingilia kati. "Miguu imekwisha kusahau kutembea."

"Ndivyo," alisema Mwanasiti. "Alimbeba." Akaendelea, akiwapitisha njia zote walizozijua, shimo kwa shimo, mpaka nje ya lango la kwanza. Alipomaliza, Katana alijifuta uso kwa kiganja. Anjana akaingia kuchemsha chai.

Baadaye Anjana aliwaazima watu wengine mjini kaseti zile, na kila aliyefika mwisho alirudi dukani amenuna. Anjana aliwaelekeza Shela kwa mshona kofia. Mwanasiti aliwakaribisha barazani, akiwa na kofia mapajani, na kabla ya kusema lolote huwauliza swali moja: "Umefika mlangoni mwenyewe?" Aliyefika alihadithiwa yote. Ambaye hajafika alipewa kahawa, akaambiwa arudi akamsindikize kwanza.