Vidole vya Hortense Numbi

Hortense Numbi hakujua kutulia. Hata kanisani mguu wake ulipiga sakafu, na vidole vyake vilichapa mapajani maneno ya padri kabla padri mwenyewe hajayamaliza. Miaka kumi na moja alikuwa perforatrice katika kampuni ya shaba, mmoja wa wale wanawake waliotoboa kadi, kadi baada ya kadi, ili ordinateri kubwa, kompyuta ya ghorofa ya pili, ijue nani alishuka mgodini na tani ngapi zilitoka. Sheria ya chumba chao ilikuwa moja: toboa ulichokiona. Karatasi ikisema mtu amefanya kazi siku arobaini ndani ya mwezi mmoja, toboa arobaini. Kufikiri ni kazi ya wakubwa. Nyuma yako aliketi mwanamke mwingine, vérificatrice, akiirudia kadi ileile. Vidole vyake vikipishana na vyako, mashine inakwama na wewe unaitwa ofisini.

Mwaka 1987 habari ikashuka kutoka juu: kadi zinaondoka, écran, vioo kama vya televisheni, zinakuja, chumba kitafungwa Desemba. Wanawake kumi na wanne waliambiwa watatafutiwa kazi nyingine, na wote walijua kwamba maana yake ni kurudi jikoni. Hortense hakulala vizuri tena. Alikuwa na watoto watatu na mume aliyelala kaburini tangu mwaka wa nne wa ndoa.

Tumaini lake lilikuwa klabu. Kila Jumamosi baada ya salongo, kazi ya lazima ya usafi wa mtaa, watu wakishanawa tope la mitaro, marafiki wa ordinateri walikusanyika katika ukumbi wa parokia pale Kamalondo. Walikuwa kumi na tisa, na mashine moja ndogo iliyofungwa kwenye televisheni, zawadi ya mwalimu Mbelgiji aliyerudi kwao. Kinasa kaseti chake, ghala la programu zote, kilikufa mwezi wa sita. Basi hakuna kilichohifadhiwa. Programu iliandikwa kwenye kaye, daftari la shule, nyumbani wiki nzima, Jumamosi ikachapwa upya kutoka mstari wa kwanza, na umeme ukikatika, kwaheri. Kila mwanachama alikuwa na robo saa yake.

Hortense ndiye aliyechapa pia jarida la klabu. Humo ungesoma kwamba mwenzetu aliyehamishiwa Kambove bado anatuma programu zake kwa barua, kwamba mashindano ya kuhesabu yameahirishwa kwa sababu ya kwaya, na kwamba ni marufuku, tunarudia, marufuku, kuweka samaki wa Pweto juu ya televisheni.

Rais wa klabu alikuwa Kapya, karani wa ofisi ya magari, suti yake ya abacost imenyooka kuliko mawazo yake. Alichapa kwa kidole kimoja, na kidole chenyewe kilikuwa kinatafuta njia. Kwa hiyo tangu Machi alimpa Hortense kaye yake amchapie. Wengine wakaona ni jambo zuri, nao wakaleta zao. Robo saa ya Hortense ikawa inaliwa kila Jumamosi, na yeye, mjinga wetu, akawa anasema haidhuru.

Hakuna aliyejua jambo moja. Programu za Kapya zilikuwa na makosa kama mbwa mwenye viroboto, na Hortense aliyatoa palepale akichapa, kimya, bila kugusa kaye. Ile yake maarufu ya kupanga zamu za madereva, kwenye mstari wa mia na arobaini, iliituma mashine irudi kwenye mstari wa sitini na tano. Mstari huo haukuwepo, kwani mistari ilihesabiwa kumi kumi. Hortense alichapa sabini, programu ikatembea, watu wakampigia Kapya makofi. Debe tupu haliachi kuvuma.

Septemba, Citoyen Mwaba (enzi zile kila mtu aliitwa Citoyen, raia), directeur wa ordinateri za kampuni, bosi wa mabosi wa Hortense, akatuma neno. Anatafuta mtu mmoja wa kufundishwa kuandika programu, miezi sita. Atakuja klabuni kuchagua. Mwombaji aonyeshe programu yake mwenyewe ikitembea. Hortense alihesabu: alikuwa hana hata moja. Ilikuwapo moja kichwani, nusu. Aliumia sana, na aliyemkasirikia zaidi alikuwa yeye mwenyewe.

Jumamosi ikafika. Asubuhi alimchapia Kapya zamu zake za madereva, zikatembea vizuri. Directeur akaingia, akasalimiwa, akaketi, na papo hapo umeme ukakatika. Uliporudi baada ya dakika kumi, mashine ilikuwa tupu. "Haina neno, Citoyen Directeur," alisema Kapya, akimsukumia Hortense kaye. "Huyu mama atachapa tena."

Mwaba akaja kusimama nyuma ya kiti chake. Miaka kumi na moja Hortense alisimamiwa hivyo kazini, na mwili ukakumbuka kabla ya akili. Mgongo ukanyooka. Macho yakabaki kwenye kaye. Vidole vikachapa kilichoonekana, chote, kama kilivyo. Wapo waliosema baadaye kwamba alifanya kusudi. Mimi nasema ni woga, na woga una utii wake.

Kapya akaamuru programu ianze. Mashine ikakwama, ikataja mstari wa mia na arobaini.

"Excusez, Citoyen Directeur," Kapya akasema haraka. "Programu yangu iko muzuri. Ni vidole ya huyu mama njo ilikosa."

Vidole vyake! Lakini Mwaba alikuwa mtu wa enzi za kadi. Aliangaza ukumbini, akamwona Mado, rafiki wa Hortense, vérificatrice wa chumba chao, aliyekuja kushangilia tu.

"Citoyenne, kuja. Fanya vérification."

Hortense akainuka kumpisha, na Mado akaweka kidole kwenye kaye, jicho kwenye écran, akashuka mstari kwa mstari. Watu walikohoa. "Yenye iko mu kaye, njo yenye iko ku écran," alisema mwishoni. "Hata virgule, hata nukta moja, haikupotea."

"Bon," alisema Mwaba. "Lakini banasema leo asubui ilitembea. Ilitembea namna gani?"

Kapya akaanza kufunua kaye yake. Hortense akajua kwamba akinyamaza sasa atanyamaza hadi Desemba, na baada ya Desemba hakuna atakayemuuliza kitu. "Ni miye njo nilikuwa natengeneza, Citoyen Directeur. Tangu mu mwezi ya tatu."

Mwaba hakutabasamu. "Kumbe. Na ku kazi? Ku kazi pia unabadilishaka karatasi ya kampuni?"

Mado akashika mdomo. Kubadilisha karatasi ilikuwa kosa la kufukuzwa.

"Ku kazi, hapana. Natobolaka yenye naona."

"Hata ukiona makosa?"

"Hata nikiona makosa." Hortense akamtazama usoni. "Ni sheria yenu. Miaka kumi na moja mulitukataza kufikiri, na tulitii. Ni huku tu, siku ya Jumamosi, njo nilianza kufikiri."

Mwaba akatazama saa yake. "Programu yako iko wapi?"

"Haiko. Robo saa yangu ilikuwa yao."

"Niko na saa moja tu, kisha niende mu mukutano ya chama. Mutu mwenye programu yake haitembei, sitaandika jina yake. Ikala."

Hortense akaketi. Kaye ya Kapya iliondolewa mezani, na kwa mara ya kwanza hakuwa na karatasi ya mtu mbele yake. Vidole vilisimama hewani. Dakika moja ikapita, ya pili, écran bado tupu, watu wanaangaliana. Kapya, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliinama karibu na sikio lake.

"Mama Hortense, nikusomee kitu?"

"Hapana, président," alisema Hortense. "Nyamaza kidogo. Niko nafikiri."