Mrusi Niliyemtaja

Siku moja kabla Warusi hawajaingia Praga, tulikuwa tunatia kabichi chumvi. Praga ni mtaa ulio ng'ambo ya mto, ukitazamana na Warsaw, mji mkuu wetu sisi Wapolandi, na mume wangu Yosefu alikuwa fundi wa mapipa hapo. Alikuwa amenitengenezea pipa jipya la akiba ya majira ya baridi. Hanka, binti yetu wa miaka sita, aliingia ndani yake akakanyaga kabichi, akilalamika kwamba chumvi inamwasha miguu. Ilikuwa Novemba, mwaka 1794. Tulijua jeshi lao liko karibu. Watu wetu walikuwa wamechimba mahandaki na kujenga boma la udongo mbele ya mtaa, na Yosefu alisema litashika. Nilimwamini kwa sababu nilikuwa na kazi nyingi ya kumaliza.

Mizinga ilianza kabla hakujapambazuka. Boma halikushika hata kwa muda wa kuchemsha uji.

Yosefu alitufungia ndani ya karakana, akasimama mlangoni na shoka lake la kazi.

Mlango ulivunjwa. Hakuwahi kuliinua.

Walikuwa askari wanne. Mmoja alimchoma Hanka kwa singe. Mimi nilipigwa kichwani kwa kitako cha bunduki, nikaanguka nyuma ya mapipa.

Wakadhani nimekufa.

Nilipozinduka paa lilikuwa linawaka. Nilitoka peke yangu. Sikuwazika; moto ndio uliowazika.

Nilifika Stockholm, Uswidi, miaka mitatu baadaye, nikiwa mtumishi wa mfanyabiashara mmoja. Alipofariki, nilipata kazi ya kufua kwa mjane aitwaye Brita, katika mtaa wa Södermalm. Watu huniambia chuki humchosha mtu. Mimi, chuki ndiyo iliyoniamsha kila asubuhi, ikanivalisha viatu, ikanipeleka kuvunja barafu ziwani ili nisuuze mashuka ya wengine. Niliomba jambo moja tu: Mrusi mmoja aanguke mikononi mwangu. Sikujali ni yupi.

Brita alimwajiri mwanamume wa kupasua kuni na kuteka maji. Jina lake lilikuwa Fyodor. Alisema ametoka pwani ya mashariki, hakufafanua, na Kiswidi chake kilikuwa kibovu kama changu. Alikuwa mpole. Beseni zito alinipokea bila kuombwa. Tulifanya kazi pamoja mwaka mzima kabla hajamsikia Brita akimweleza mteja nilikotoka.

Aliweka ndoo chini.

"Umetoka Praga?"

"Ndiyo."

"Nilikuwepo," alisema.

Alisema kaka yake aliuawa Warsaw masika ya mwaka ule ule, sisi Wapolandi tulipoinuka na kuwafukuza wanajeshi wa Kirusi mjini. "Tulipofika Praga nilikuwa namtafuta aliyemuua. Kila niliyemwona alikuwa yeye. Baadaye nikatoroka jeshini, maana sikuweza kulala."

"Na wanawake? Na watoto?"

Alitazama maji ndani ya ndoo. "Nisamehe, mama."

Sikumuuliza aliingia nyumba zipi. Niliendelea kukamua shuka mpaka vidole vikafa ganzi.

Barafu ilipoyeyuka, merikebu ya kivita ya Kirusi ilitia nanga bandarini. Ikasemekana afisa wake anawatafuta watoro wa jeshi lao, na kwamba wenye mji hawatamzuia. Nilikaa na habari hiyo siku tatu. Siku ya nne nikavaa kitambaa safi kichwani, nikashuka mpaka gatini. Hakuna aliyenituma.

"Kuna mtoro wenu," nilimwambia afisa. "Anapasua kuni kwa mjane Brita."

Walimkamata uani mchana ule ule. Hakupigana. Brita aliwashika mikono akiuliza, "Amefanya nini? Huyu amefanya nini?" Fyodor aliniona nimesimama karibu na ukuta. Akaelewa, akainamisha kichwa, na moyo wangu ukafurahi. Siwezi kusema uongo. Ulifurahi sana.

Kisha afisa akanijia. Alivua kofia yake, akazungumza Kipolandi safi.

"Tunakushukuru, bibi. Umelitendea jema jeshi letu."

Wiki iliyofuata baharia mmoja alimsimulia Brita kwamba Fyodor alichapwa mijeledi sitahani, na kwamba hatafika kwao akiwa hai. Nilidhani kwamba hapo ningejisikia nimelipa. Lakini hawakumchapa kwa ajili ya Hanka. Waliopigana Praga walipewa nishani ya fedha, na yeye alikuwa nayo. Brita aliikuta chini ya godoro lake. Alichapwa kwa kuwakimbia waliompa.

Sijutii maumivu yake. Kama wangenipa ule mjeledi, ningeushika. Yosefu na Hanka hawana kaburi, na sijapata kumsamehe yeyote. Kinachonikaba ni kwamba kati ya wote waliosalimika Praga, huenda mimi peke yangu ndiye ambaye jeshi lile lilimvulia kofia.