Maganda ya Shaba Jikoni

Juzi niliona ganda la risasi kwenye meza ya vitu vya mtumba huko Malton, karibu na Toronto, nikakumbuka mchana mmoja tulipokuwa bado wageni Toronto. Baba alikuwa jikoni akipasha moto maganda matupu ya shaba, kisha akiyabana shingo kwa mashine ya mkono. Harufu ya mafuta na chuma cha moto ilijaa nyumba nzima. Tulikuwa tumekimbia vita Kongo, hivyo nilidhani anarudi kupigana.

“Baba, usituache!” nililia.

Aliweka koleo chini, akanipakata. “Niende wapi, mama? Bunduki yangu ya kuwindia kulungu inatumia risasi za aina isiyouzwa dukani, ndiyo maana naziunda mwenyewe kwa maganda haya.”

“Huendi vitani?”

“Siendi.”

Alinipa ganda moja lililopoa, akanionyesha jinsi ya kulipuliza. Likatoa mluzi, nami nikacheka hadi kwikwi zikaisha.