Moshi Uliokwenda Kinyume na Upepo

Kwa miaka mitatu Maurine alikuwa akifukuzana na moshi. Katika chumba chake cha kupanga mtaani Woodley aliandika milinganyo ya kueleza jinsi moshi wa moto wa msituni unavyopanda, upepo unavyouinamisha, na mahali utakapowashukia watu. Mwalimu wake wa chuo kikuu, Daktari Kiragu, aliisoma, akaisifu, akanakili faili yote. Mwezi uliofuata Maurine aliona ratiba ya kongamano la katikati ya jiji. Kazi ilikuwa ile ile. Jina lilikuwa la Kiragu peke yake.

Hakulia. Aliipitia milinganyo yake mstari kwa mstari, na hapo akakuta kosa lake mwenyewe. Watu wa hali ya hewa huutaja upepo kwa kule unakotoka. Milinganyo yake ilitaka kule unakokwenda. Alikuwa amesahau kuugeuza. Kwenye faili yake alirekebisha. Kwa Kiragu alinyamaza, na kunyamaza kule kulimpa usingizi mtamu.

Asubuhi ya kongamano Kiragu alimnong'oneza mlangoni, "Maurine, ile kitu iko sawa, ama?"

"Ni yako, Daktari. Wewe ndiye unajua."

Akaketi safu ya nyuma kabisa. Kiragu alionyesha ramani ya moto wa Februari katika milima ya Ngong. Upepo ulitoka mashariki, alisema, na papo hapo moshi wake ukatambaa ukutani kuelekea huko huko mashariki, ukafunika mitaa ya Karen hadi Kileleshwa.

Mlinzi wa misitu aitwaye Nzisa aliinua mkono. "Daktari, huo moto niliuzima mimi. Dada yangu anakaa Karen, na siku hiyo alianika mashuka meupe. Yalikauka yakiwa meupe. Sasa huo moshi ulikuwa unarudi kuuliza upepo njia?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Kiragu akamtafuta Maurine kwa macho. "Maurine, hebu waelezee."

Maurine alisimama. "Nitaeleza, Daktari. Kwanza waambie hii kazi ni ya nani."

Kiragu akapekua karatasi zake. Maurine hakumharakisha, aliuonja wakati ule kama chai iliyokolea tangawizi.

"Ni yake," Kiragu alisema, akitazama viatu vyake.

"Huku nyuma hatujasikia, Daktari."

Kiragu akasogeza kipaza sauti mdomoni, akarudia.