Emérence, mlezi anayejifunza kutompokea mtoto

Saa nne asubuhi, mtoto analia jikoni katika nyumba moja ya matofali mekundu karibu na Stratford, mashariki mwa London. Emérence ameketi hatua tatu tu kutoka alipo. Hainuki. Mikono ameificha chini ya meza, macho yako kwenye saa ya ukutani.

Msomaji asimhukumu haraka. Mama huyu wa miaka hamsini na moja, mzaliwa wa Uvira, mashariki mwa Kongo, amelea watano wa tumbo lake na wengine wa ndugu ambao hesabu yao imempotea. Hapa analipwa kutazama na kuandika.

Nyumba hii hupokea wazazi ambao mahakama bado haijaamua kama waachiwe watoto wao. Mzazi huishi humo na mtoto wiki kumi na mbili, akipika, akiogesha, akibembeleza, huku wafanyakazi wakiandika kila wanachokiona. Maandishi hayo humfikia jaji.

Emérence alianza hapa mapema mwaka huu wa 2001, baada ya miaka minne ya kusafisha ofisi. Mshahara ni pauni saba kwa saa, umezidi ule wa kusafisha kidogo tu.

"Ofisi haikulilii," anasema akicheka. "Unapanguza, unafunga mulango, unaenda."

Anayelia leo ni Plamedie, mwenye miezi saba. Mama yake, Célestine, ana miaka ishirini na miwili. Majina yao tumeyabadilisha. Célestine alijifungua akiwa peke yake mjini, huzuni ikamlemea, na mtoto akaanza kukonda. Mahakama ikampa hizo wiki kumi na mbili aonyeshe kwamba anaweza. Zimebaki siku tisa.

Célestine alipofika katika nyumba hii na kumkuta Emérence, anayezungumza Kiswahili cha kwao Kongo, moyo wake ulitulia. Akaanza kumwita Tantine, yaani shangazi. Na kila mtoto alipolia, alifanya ambalo binti yeyote aliyelelewa vizuri angefanya: alimkabidhi mkubwa. Emérence akampokea, mtoto akanyamaza.

"Kwetu mukubwa hakatai mutoto," anasema. "Ukikataa, batasema uko na roho mubaya."

Aliyaandika yote kwa uaminifu, mara kumi na moja katika wiki mbili za kwanza. Aliyeshtuka ni msimamizi wake, Poonam, Mhindi mzaliwa wa Kisumu anayeishi Kenton, kaskazini-magharibi mwa London. Alimwita ofisini, daftari likiwa wazi mezani.

"Mama, kila page hapa baby analia kwa Célestine, ananyamaza kwako," alimwambia. "Sasa judge atampa nani huyu mtoto? Wewe?"

Jioni ile Emérence alipitiliza kituo chake cha basi. Wahenga walisema wema hauozi, lakini huu wake ulikuwa unamnyang'anya binti wa watu mtoto wake. Kesho yake aliandika kwenye daftari, kwa jina lake, kwamba kosa lilikuwa la kwake. Kisha akaenda chumbani kwa Célestine.

"Nilimuambia, kuanzia leo Tantine hana mikono. Alilia sana. Alizani nimemukasirikia."

Célestine alikaa siku tatu bila kumsalimia. Emérence anakiri kwamba hilo lilimuuma.

Leo jikoni, mtoto akiwa bado analia, Célestine anazima jiko. Hamtazami Tantine. Anamwinua Plamedie, anamfunga mgongoni kwa kitenge na kuizunguka meza akiimba kwa sauti ya chini. Kilio kinapungua, kinabaki kwikwi, kinaisha. Emérence anashika kalamu: "Saa nne na dakika sita. Mama amembembeleza mtoto. Mtoto amenyamaza." Anapangusa macho, na hilo haliandiki.

Jaji akikataa, anasema, ataacha kazi hii arudi kusafisha ofisi. Akikubali, ana mpango mmoja tu.

"Nitabasindikiza mupaka inje ya gate. Kule hakuna daftari. Halafu nitamuambia Célestine: sasa lete huyo mutoto, nimushike."