Aga Nusrat, Mtu wa Mwisho wa Mlima Alvand

Kwa miaka kumi na tisa Aga Nusrat alikuwa mtu wa mwisho, na sijui kama yuko mwingine aliyejivunia kuwa wa mwisho kama yeye. Alikuwa fundi wa kushona mifarishi ya pamba pale Hamadan, mji wa Uajemi, mtu wa maneno machache na magoti mabovu, maana kazi ile hufanywa kwa kuchuchumaa. Lakini kila Ijumaa, akishasali alfajiri, alivaa viatu vyake vizito, akamwachia Mungu duka na mkewe Tuba mifarishi yote, akaenda kupanda mlima Alvand na wenziwe wa chama.

Mbele alitangulia Khanum Mahvash, mama aliyestaafu duka la dawa, mwenye sauti ya kengele. Nyuma alikaa Aga Nusrat. Kazi ya mtu wa nyuma ni moja tu: asibaki mtu nyuma yake. Aliokota glavu zilizodondoka, aliokota chupa za chai, na mara mbili tatu aliokota watu. Kule juu, kwenye kibanda cha mawe, sufuria ya supu ya tambi na maharage haikufunuliwa mpaka yeye afike. Watu thelathini wenye njaa walisimama mlangoni wakikodoa macho chini, na kofia yake ikichomoza kwenye theluji, wakashangilia. Mfalme gani husubiriwa hivyo?

Mwaka ule, mwezi wa Bahman, katikati ya kipupwe, theluji ilifika magotini, na goti la kulia la Aga Nusrat likaanza kulia kama bawaba ya mlango mkuukuu. Kamati ikakaa. Ijumaa asubuhi, chini ya mlima, Khanum Mahvash akamwita kando, mkononi ameshika utepe wa manjano.

"Aga Nusrat, nuru ya macho yetu, kamati imekupandisha cheo."

"Cheo gani tena, dada yangu?"

"Umekuwa Mlinzi wa Heshima wa Katikati."

Aga Nusrat akautazama ule utepe. "Katikati kuna nini cha kulindwa?"

Khanum Mahvash akakohoa. "Kuna watu. Nyuma atakaa Behruz."

Behruz alikuwa mkata vioo vya miwani, mwanamume wa miaka arobaini, mpole kupita kiasi. Akimkanyaga paka, humwomba radhi mara tatu na kumwulizia watoto.

Neno lile lilimchoma Aga Nusrat. Si kwa ajili ya cheo. Mtu wa nyuma lazima asubiriwe, hata kama ni fundi mifarishi asiyejua kupiga soga. Mtu wa katikati nani atamjua kama amekuja au hakuja? Atakosekana, na watu watakula supu yao mpaka chini ya sufuria.

Lakini hukatai mbele ya uso wa mwanamke aliyekushonea utepe. Aliweka mkono kifuani, akashukuru kwa desturi yao, "Mkono wako usiume," akajifunga utepe, kisha akainama kukaza kamba za viatu. Akakaza, akafungua, akakaza tena. Msafara ukampita wote. Alipoinua kichwa, akamwona Behruz amesimama anamsubiri.

"Tafadhali, Aga Nusrat, tangulia."

"Hasha! Leo siku yako, tangulia wewe."

"Nikupe mgongo, baba yangu? Si watu watasema sikulelewa?"

Kwa watu wale mgongo una deni la radhi. Hata dereva hugeuka akamwomba abiria samahani ya kisogo chake, na abiria humjibu kwamba ua halina mgongo wala uso.

"Ua halina mgongo," akasema Aga Nusrat. "Pita."

"Ua ni wewe, mimi mwiba. Na mwiba hukaa nyuma ya ua."

Aga Nusrat akaona kumbe huyu mpole naye si wa mchezo.

"Ukinipenda, pita."

"Kwa kuwa nakupenda, sipiti."

Wakasimama hapo mpaka theluji ikawajaa mabegani. Mwishowe Behruz akakubali kutangulia, ila kinyumenyume, ili asimpe mzee mgongo. Basi akaupanda mlima Alvand kwa visigino, anatabasamu, mkono kifuani. Hatua ya kumi akaanguka chali. Aga Nusrat kwa bahati mbaya akampita. Alipogundua, akashtuka kama mtu aliyekanyaga nyoka, akateremka upesi mpaka chini ya miguu ya mwenziwe.

"Umeumia, mwanangu?"

"Sijaumia, Aga. Samahani kwa kuanguka mbele yako."

"Anguka tu, ndugu, mlima ni wako."

Mara tatu ikawa hivyo. Huko juu filimbi ya Khanum Mahvash ikalia, na sauti yake ikafuata: "Supu ina-ganda-aaa!"

Adhuhuri ikawakuta kwenye mwamba mmoja uliopulizwa theluji na upepo. Behruz akasema, "Aga Nusrat, tusalishe."

Mzee akafurahi, akatandika koti lake, akakaa mbele. Alikuwa ameshatoa takbira ndipo akatambua kwamba imamu husimama mbele, na aliye nyuma yake sasa ni Behruz. Katika sijida ya mwisho, paji la uso liko juu ya kidonge chake cha udongo cha kusujudia, akaanza kuwaza jinsi ya kukawia ili ainuke wa pili. Akawaza, akawaza. Halafu aibu ikamshika hata masikio yakamwaka kwenye baridi ile. Ee Mola wangu, akasema moyoni, nimekuja mbele Yako kugombania nyuma. Nisamehe.

Akainuka akakaa, akatoa salamu vizuri. Alipotaka kusimama, goti likakataa katakata.

"Panda mgongoni," akasema Behruz.

"Wewe nenda. Nitakuja polepole."

"Mtu wa nyuma haachi mtu, Aga. Si wewe uliyetufundisha?"

Akambeba. Na kila hatua kumi Behruz akahema, akageuza shingo, "Nisamehe mgongo wangu, Aga Nusrat."

Na Aga Nusrat, kidevu begani mwake, akajibu kila mara, "Ua halina mgongo, mwanangu," na safari hii akimaanisha.

Kibandani watu thelathini walikuwa nje, vijiko mikononi. Badala ya kushangilia wakaanza kuulizana. Nani amefika mwisho?

"Aga Nusrat!" akasema Iraj, mwalimu wa hesabu. "Aliyebebwa mgongoni yuko nyuma ya mbebaji."

"Kichwa chake kimepita bega la Behruz, hukioni?" akadakia mwingine. "Kwa kichwa ametangulia!"

Iraj akawageuza ubavu, akaanza kuwapima kwa fimbo ya kupandia. Ubishi ukawaka, na sufuria imefunikwa.

"Jamani, tumekwisha kwa njaa!" akapiga kelele Khanum Mahvash, upawa mkononi. "Aga Nusrat, sema wewe mwenyewe, tutakubali."

Cheo chake chote cha miaka kumi na tisa kilikuwa kwenye neno moja, na walikuwa tayari kumpa. Akaitazama shingo ya Behruz, inafuka mvuke kama birika.

"Mimi sikufika," akasema. "Nimeletwa. Mzigo hauwi wa kwanza wala wa mwisho. Mtu wa nyuma ni huyu."

Akaufungua utepe? La, akaukaza vizuri. Sufuria ikafunuliwa.

Goti lilipopoa, baada ya Ijumaa mbili, alitembea katikati, na jioni akarudi nyumbani macho yamemtoka.

"Tuba, kumbe katikati watu huongea! Kutwa nzima! Unajua miaka yote hii walikuwa wanaongea nini?"

"Mawaidha?"

"Wamekiri wenyewe, walikuwa wananisema mimi. Kwamba nimewachelewesha, kwamba supu inaganda, kwamba nakokota miguu kama bibi harusi."

Tuba akaweka chini birika. "Masikini mume wangu. Wewe ukafanyaje?"

"Ningefanyaje? Nilimsema wa nyuma pamoja nao. Yule Behruz anachelewa mno."