Ufa wa Nyuma ya Jikoni

Mpaka leo mwili hunisisimka nikikumbuka jinsi tulivyofurahi tulipomaliza kuuziba ufa ule. Mimi hufanya kazi mjini Voi, kule chini, na Jumamosi hiyo nilikuwa nimepanda milimani kwetu, Mwanda, kumwona mama. Nyuma ya jikoni, juu ya matuta ya kabeji, ardhi ilikuwa imepasuka kwa upana wa kiganja. Mama akanipa jembe. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," akasema, nami nikacheka. Tulijaza udongo, tukaukanyaga vizuri, tukapanda nyasi za ng'ombe juu yake. Ndivyo tufanyavyo milimani: shamba ni dogo, hakuna anayeacha mahali pakae bure.

Ila baada ya hapo hatukuweza kuona tena kama ufa unapanuka.

Sisi watu wa milimani tunaogopa mvua ya ngurumo. Manyunyu hatuyahesabu kuwa mvua, tunatoka nayo kwenda shambani. Basi yakanyesha wiki tatu mfululizo, mlima ukanywa taratibu bila mtu kushtuka. Kisha ikaja mvua kubwa ya siku moja. Mama alikimbilia kanisani pamoja na majirani, wakalala huko. Asubuhi akanipigia simu. Voi jua lilikuwa linawaka, nami, mjinga mkubwa, nikamwambia, "Mvua imekwisha, mama. Rudi nyumbani ukawashe moto."

Akarudi. Mlima ulishuka saa nne, anga ikiwa safi kabisa. Nani angeamini? Nilipofika sikuona nyumba, wala jikoni, wala matuta. Kulikuwa na udongo mwekundu mtupu, na ng'ombe wetu amesimama pembeni anacheua. Nikauliza watu nyumba iko wapi, kana kwamba nimepotea njia. Tulimfukua mama alasiri. Hakuwa hai.

Jirani yetu wa mteremko wa pili, mama wa watoto watatu, alikuja akanishika mkono. "Pole sana, ndugu yangu. Hakuna aliyejua."

Nikamwambia kulikuwa na ufa, na kwamba niliuziba kwa mikono yangu mwenyewe.

Aliuachia mkono wangu. Kisha akasema polepole, "Hata kwetu uko. Mzee wangu aliuziba juzi."

"Watoto wako wapi?" nikamuuliza.

"Nyumbani," akasema. "Wanaanika nguo."